Kutofautisha maana tatu za root katika Linux

Kwenye Linux, neno root hutaja vitu vitatu: akaunti yenye mamlaka yote, saraka iliyo juu ya saraka zote, na saraka ya nyumbani ya akaunti hiyo. Hapa tutaviita msimamizi mkuu, mzizi na nyumba ya msimamizi. Unahitaji kompyuta ya Ubuntu na akaunti ya kawaida yenye ruhusa ya sudo. Baada ya kila amri, bonyeza Enter.

1. Fungua terminali: Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Andika `id -u`. Mtumiaji wa kwanza wa Ubuntu kwa kawaida hupata 1000. Ukipata 0, tayari wewe ni msimamizi mkuu. Andika `exit`, ingia kwa akaunti yako, uanze upya.

2. Andika `sudo id -u`, kisha nywila yako mwenyewe. Jibu liwe 0. Namba hii ndiyo mamlaka yenyewe. Mfumo hauangalii jina. Kwa hiyo hakiki nani mwingine anayo:

`awk -F: '$3==0' /etc/passwd`

Utokee mstari mmoja tu, unaoanza na root. Ukitokea wa pili, simama hapo na umwarifu mwenye kompyuta kabla ya kugusa chochote.

3. Nenda kwenye mzizi kwa `cd /`. Andika `pwd`, jibu ni alama / peke yake. Andika tena `id -u`. Namba ni ileile ya hatua ya 1: umehama mahali, hukuongezewa mamlaka.

4. Kagua nyumba ya msimamizi kwa `ls -ld /root`. Alama kumi za mwanzo ziwe `drwx------`, yaani mwenyewe tu ndiye anayeingia. Andika `ls /root`: lazima ukataliwe.

5. Linganisha amri mbili hizi kwa macho tu, USIZIENDESHE: `rm -r /root` na `rm -r / root`. Ya kwanza inafuta nyumba ya msimamizi. Ya pili, kwa nafasi moja tu, inalenga mzizi mzima. Programu ya rm ya GNU hukataa kufuta / yenyewe, lakini haikukingi ukiandika `/*`, kwa sababu inapokea majina ya saraka zilizomo ndani, si mzizi. Kabla ya Enter, tazama kinachofuata kila mkwaju.

6. Futa idhini ya sudo kwa `sudo -k`. Thibitisha kwa `sudo -n id -u`: lazima ukataliwe. Ukipata 0, akaunti yako inatumia sudo bila nywila. Mwulize aliyeiweka hivyo.