Mtoto Anayehesabika kwenye Kodi ya Marekani

Januari ikiingia, familia za Wakongo na Warundi waliopokelewa Marekani kama wakimbizi huanza kupata fomu za W-2 kutoka kwa waajiri, na mazungumzo ya kodi hupamba moto. Kinachosubiriwa zaidi ni nafuu ya kodi kwa wenye watoto. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1997 na imerekebishwa mara nyingi. Kwa mapato ya mwaka 2025, mtoto mmoja anaweza kumpatia mlezi wake hadi dola 2,200. Ni haki, si sadaka. Hata hivyo, wapo wanaoikosa kwa kutojua masharti, na wapo wanaoidai wasipostahili, wakajiponza.

Umri hauna utata: mtoto awe bado hajafikisha miaka 17 mwaka unapokwisha Desemba 31. Kichanga aliyezaliwa Desemba 30 akakaa na wazazi wake huhesabiwa kama aliyeishi nao mwaka mzima.

Ugumu uko kwenye undugu. Katika familia zetu, anayekula na kulala nyumbani ni mtoto wa nyumba hiyo, basi. Sheria ya Marekani inachagua. Inamkubali mtoto wa kumzaa, wa kambo, wa kuasili, na yule aliyekabidhiwa kwa malezi na mahakama au shirika lenye mamlaka. Inamkubali pia mjukuu, mdogo wake mlipakodi, na mtoto wa kaka au dada yake. Shangazi aliyemchukua mtoto wa marehemu kaka yake, akaishi naye, anaweza kustahili sawasawa na mama mzazi. Binamu hayumo, wala mtoto wa binamu, hata kama amelelewa tangu anatambaa. Kwa familia zilizotawanywa na vita, ambako yatima hupokelewa na ndugu yeyote aliyesalimika, sharti hili linaumiza. Mlezi wa mtoto kama huyo aulizie nafuu nyingine ya dola 500 kwa wategemezi, ambayo nayo ina masharti yake: mtoto asiye katika orodha ile lazima awe ameishi nyumbani kwake mwaka mzima na kutunzwa naye kwa zaidi ya nusu ya mahitaji.

Kwa ile nafuu kubwa, mtoto anatakiwa kuishi na mlipakodi zaidi ya nusu ya mwaka. Aliyelazwa hospitali au aliye shule ya bweni kwa muda bado ni wa nyumbani. Aliyebaki katika kambi za wakimbizi kama Nyarugusu au Nakivale hahesabiki, hata kama mzazi humtumia fedha kila mwezi. Wazazi walioachana nao wakumbuke kwamba mtoto mmoja hawezi kudaiwa na wote wawili. Kwa kawaida haki ni ya yule ambaye mtoto alilala kwake siku nyingi zaidi.

Kisha kuna namba. Mtoto lazima awe na namba ya Social Security inayoruhusu kazi, iliyotolewa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha fomu. Kuanzia kodi ya 2025, mzazi naye lazima awe nayo. Wanandoa wanaojaza pamoja, mmoja akiwa nayo inatosha.

Je, asiyedaiwa kodi ya mapato hupata chochote? Hupata, mradi alifanya kazi. Serikali huangalia kipato cha kazi kinachozidi dola 2,500 na kumrudishia asilimia 15 yake, bila kuvuka dola 1,700 kwa kila mtoto. Mama wa watoto wawili aliyepata dola 12,500 atarudishiwa dola 1,500. Marejesho haya hayatoki kabla ya katikati ya Februari, hata kwa aliyejaza mapema.

Aogopwe mjazaji anayeahidi fedha nyingi kwa kuongeza majina ya watoto. Anayewajibika ni mwenye fomu, na adhabu ni kuzuiwa kudai nafuu hii kwa miaka 2 akipuuza kanuni, au miaka 10 akithibitika kudanganya. Mpango wa msaada wa kodi uitwao VITA huwajazia fomu watu wa kipato cha chini bila malipo, na aliyesahau kudai miaka iliyopita kwa kawaida ana miaka 3 ya kurekebisha. Nendeni huko na kadi za Social Security za watoto wote, na msitie saini fomu ambayo hamjasomewa.