Mashine ya kahawa bado haijafika kibanjani, lakini turubai lake lipo dukani

Kijana mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, alinionyesha video kwenye simu yake. Mashine ndefu mfano wa lango inapita juu ya mstari wa mibuni, inautikisa, na buni zinamiminika kwenye trela kama mahindi. Akaniuliza: yetu itakuja lini?

Swali hilo linastahili jibu la kweli, kwa sababu kuchuma ndiyo kazi inayokula nguvu na fedha nyingi kuliko zote shambani. Mashine ile ina fimbo ngumu zinazotetema pande mbili za mti. Kampuni ya Jacto ya Brazil ilitoa ya kwake ya kwanza mwaka 1979, na kwa ufundi unaofanana na huo Wamarekani huvuna matunda madogo kama bluberi. Lakini inataka ardhi inayokaribia kuwa tambarare, mistari iliyonyooka, nafasi isiyo na zao lingine, na zaidi ya yote, matunda yaliyoiva pamoja. Kibanja cha kwetu Kagera, huku Karagwe au Kyerwa, kina migomba, maharage chini yake, na mibuni aliyoipanda babu pale alipoona panafaa. Mvua zetu huja mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mbuni hutoa maua kwa awamu. Tena kahawa yetu ya robusta haijichavushi yenyewe. Mti hutegemea chavua ya jirani yake, na miti iliyotokana na mbegu hailingani kwa tabia. Ndiyo maana tawi moja unalikuta na nyekundu, njano na mbichi kabisa. Fimbo haichagui rangi.

Zipo pia mashine za mkononi, zenye vidole vinavyotetema mwishoni mwa mpini. Hizo zinaweza kupita katikati ya migomba. Tatizo lake ni majeraha: zinapukutisha majani na kuchubua matawi. Sisi tuliopoteza mibuni kwa mnyauko tangu miaka ya 1990 tunajua ugonjwa ule hupenda kuingilia kwenye kidonda.

Ninachomshauri mkulima ni kuiga yale yote yanayoizunguka mashine, na uchaguzi auachie mkono.

Anza na kimo cha mti, miezi mingi kabla ya msimu. Mbuni ukiachwa upande juu, mchumaji huuvuta kwa ndoano na tawi huchanika pale linapoungana na shina. Bakiza mashina matatu au manne, ukate vichwa kwenye kimo ambacho mama wa nyumba anafikia bila kuvuta. Maotea yang'oe yangali laini. Mbuni uliozeeka, unaozaa nchani tu, ukate kiasi cha sentimita 30 kutoka ardhini, mkato wa mshazari ili maji yasitulie juu yake. Usikate shamba zima kwa pigo moja. Theluthi kwa mwaka inatosha, ili nyumba isikose mavuno. Na kila unapohama mti, pitisha msumeno kwenye moto au uufute kwa jiki. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona mtu mwangalifu sana akibeba mnyauko mwenyewe, kwa panga lake, kutoka mti hadi mti.

Sasa turubai. Hapa ndipo ningetumia shilingi ya kwanza. Chukua vipande viwili, kila kimoja ukikate mkato mmoja kutoka ukingoni hadi katikati, ili kilikumbatie shina. Kwenye mteremko, na vibanja vyetu vingi vimelala kwenye mteremko, kipande cha juu kilalie cha chini kama bati la paa, halafu ukingo wa chini uuinue kwa mawe au gogo la mgomba. Buni ikidondoka itakusubiri pale. Kabla ya kutandika, okota zile kavu na nyeusi zilizokwisha kuanguka, uziweke kwenye mfuko wake. Humo ndimo kidudu kinachotoboa buni hujificha kikingoja msimu ujao, nazo zikichanganyika na kahawa nzuri huleta ukungu na harufu ya udongo ambayo hakuna jua litakaloiondoa.

Kuchuma kwenyewe: mkono mmoja ushike tawi, mwingine uzungushe buni kwa kidole gumba na cha shahada hadi iachie. Usiivute moja kwa moja, maana kikonyo huweza kung'oka na gamba la tawi na kuacha kidonda. Pita shambani kila baada ya wiki mbili hivi, mara tatu au nne. Robusta imetupa zawadi ambayo arabika haina: buni yake ikiiva hung'ang'ania tawini, haikimbilii kudondoka. Kusubiri siku chache hakukupotezei kitu. Mzunguko wa mwisho ndio wa kumaliza zote, na mbichi zitakazopatikana zitengwe. Wazee wetu waliijua kazi yake: zilichemshwa na majani ya dawa, zikakaushwa, zikawa akamwani ya kumtafunisha mgeni. Gunia la kuuza siyo mahali pake. Buni mbichi hunywea, punje yake nyepesi, na kilo unazodhani umeziwahi hazifiki kwenye mizani.

Najua kwa nini wengi huchuma mbichi. Ni ada ya shule, ni mgonjwa, na mara nyingi ni butura: kahawa iliuzwa ingali ua, na mwenye fedha amesimama mlangoni. Mashine haiondoi butura, turubai nalo haliiondoi. Lakini mzunguko wa kwanza wa nyekundu, hata ukiwa wa madebe mawili, ukikaushwa vizuri na kupelekwa AMCOS, chama chetu cha ushirika, mapema, huweza kuziba shimo dogo kabla halijawa deni la mti mzima.

Siku hiyo hiyo ya kuchuma, mimina buni kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea zina kasoro ndani, nyingi zimetobolewa; zianike peke yake. Zilizozama zitoe haraka. Tandaza kwenye kichanja cha kimo cha kiuno, unene usiozidi vidole viwili, geuza mara kadhaa kwa siku, funika jioni na mvua ikitishia. Mavuno ya leo yasichanganywe na ya juzi. Baada ya wiki mbili hadi nne chukua konzi, itikise karibu na sikio: punje zikicheza ndani ya ganda, ng'ata moja. Ikigoma kuingiwa na jino, weka ghalani juu ya mbao, mbali na ukuta.

Anayepanda shamba jipya ana nafasi ambayo sisi wengine hatuna. Katika jimbo la Espírito Santo, Brazil, wanakolima conilon, ndugu wa robusta yetu, watafiti walitoa mwaka 1993 miche ya vikonyo, isiyotokana na mbegu, katika makundi matatu: ya kuiva mapema, ya kati na ya mwisho. Kwako, uliza miche ya vikonyo inayostahimili mnyauko kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, kituo cha Maruku. Panda kila aina kwenye mstari wake, aina kadhaa zikipakana ili zichavushane, nafasi ya mita 3 kwa 3. Mstari wa aina moja huelekea kuiva pamoja, na mchumaji anamaliza mstari badala ya kuzunguka kutafuta.

Na kama kikundi chenu bado kinatamani mashine ya mkononi, msinunue kwanza. Azimeni moja, muijaribu kwenye mibuni mitano ambayo mngeikata mwaka huu huu kwa uzee, juu ya turubai, wakati nyekundu ni nyingi. Mti unaokwenda kukatwa hauna tawi la kupoteza. Pimeni nyekundu kando na mbichi kando, mwandike kilo zote mbili kwenye daftari pamoja na mafuta yaliyotumika na saa zilizokwenda. Mti wa sita chumeni kwa mkono, mwandike vilevile. Daftari hilo lisomwe kwenye mkutano wa AMCOS kabla mtu hajaombwa mchango.