Nafasi ya Kupandia Mahindi

Mkulima wa Kitale, ambako mvua ni nyingi, huacha sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na 25 kati ya shimo na shimo. Akitia mbegu moja moja, ekari hupata miche 21,000 hivi. Mkulima wa Kitui akimwiga atajuta. Huko mvua ni haba, na mahindi yaliyosongamana hunyang'anyana maji hasa wakati yatoapo mbelewele. Mabua husimama bila kuzaa, na ghala hubaki tupu. Afadhali aache 90 kwa 30, apate miche 15,000 tu. Kamba yenye mafundo yatosha kuwa kipimo. Mwenye kupalilia kwa maksai asipunguze upana huo, wanyama wasije wakaikanyaga mimea.