Ile Sita Imeshika kwa Nini?



Tunapotembelea vikundi hapa Masimba, swali tunaloulizwa kila mara ni, "Sasa tufanye nini tena?" Ni nadra kuulizwa, "Yale tuliyofanya juzi yalikwendaje?" Somo la leo ni juu ya hilo swali la pili.

Kikundi kimoja cha vijana na akina mama kilitaka kujifunza kupandikiza avokado, yaani kuunga kijiti cha mti wa Hass juu ya mche wa kienyeji ulioota kwa mbegu. Fundi alikuja siku moja, akaonyesha, akaenda zake. Kijana mmoja, mwanafunzi wa ufundi huo, akaachiwa wembe na miche 40. Baada ya mwezi ilikuwa imechipua sita tu. Ile mingine, vijiti vimekauka vyeusi. Na pesa zilikuwa za merry-go-round, kwa hivyo unaweza kufikiri kelele za mkutano ule. Wengine walisema Hass haipendi udongo wetu. Wengine walimgeukia kijana. Yeye alikaa kimya akiangalia chini, na baadaye alituambia alikuwa ameshaamua kuacha.

Sisi tulikuwa tayari kuhubiri. Bahati nzuri mama mmoja mzee alitangulia: "Ngojeni kwanza. Ile sita imeshika kwa nini?"

Basi tukaenda kitaluni wote, tukafungua nailoni moja baada ya nyingine. Kijana akaanza kukumbuka. Ile sita aliifanya asubuhi, wembe ukiwa mpya. Vijiti vilivyobaki vilishinda juani juu ya meza. Kufikia mchana wembe ulikuwa butu, mkato ukawa na nyuzinyuzi. Mahali pengine kijiti kilikuwa chembamba kuliko mche, maganda hayakukutana hata upande mmoja. Anayeijua kazi hii atakwambia uhai uko katika utando wa kijani chini tu ya ganda. Utando wa kijiti usipogusana na wa mche, hakuna kitakachoshika. Halafu mvua ya alasiri ikaingia palipofungwa ovyo.

Udongo haukuwa na kosa. Wala kijana hakuwa mjinga, ila hakuna aliyemfundisha kujiuliza.

Tukamwomba aweke daftari. Kila jioni aandike mistari minne au mitano: nimefanya nini, saa ngapi, nini kimenishangaza, kesho nitabadilisha nini. Siku ya kwanza aliandika, "Nimefanya kazi vizuri." Hiyo si kutafakari, ni kujisifu. Wiki ya pili akaandika, "Mche wa tisa wembe uliteleza kwa sababu nilikuwa naharakisha mvua isinikute." Hapo alikuwa ameanza kujiona. Msimu uliofuata alikata vijiti vichache vichache, akavifunga kwa kitambaa chenye maji, akachagua vya unene mmoja na mche. Ilishika zaidi ya nusu.

Hatumcheki. Sisi wenyewe tulipokuwa tunasomea diploma tulitakiwa kuandika daftari kama hilo kila jioni, na tulilichukia. Tuliandika ya mwezi mzima usiku mmoja kabla ya kukaguliwa. (Mwalimu alijua. Kalamu ilikuwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho.)

Njia yenyewe si mpya. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wa viwandani kuona, kuamua, kutenda, na mwaka 1961 Papa Yohane wa XXIII akaitaja njia hiyo katika barua yake Mater et Magistra. Paulo Freire wa Brazili alifundisha kwamba kutenda bila kutafakari ni mbio tu, na kutafakari bila kutenda ni maneno matupu. Mawazo yake yaliingia kwa vikundi vya Kenya kupitia mafunzo ya DELTA yaliyoanza 1974.

Lakini angalieni: mwanafunzi anayeogopa hawezi kuandika ukweli. Daftari likigeuzwa kuwa ushahidi wa kumtoza faini, kesho yake mtasoma tena "nimefanya kazi vizuri."

Kwa mkutano ujao, chagueni kazi moja mliyoimaliza mwezi huu, iwe ni kitalu, kuku au vitabu vya pesa. Aliyeifanya aseme kwanza, mwenyekiti awe wa mwisho. Anzeni na kilichoshika, ndipo muulizane kilichokauka. Asiyejua kuandika asimulie, na mtoto wa shule amwandikie.