Kabla Fundi Hajashika Nyundo: Kupanga Jikoni Upya kwa Familia za Eldoret

Mahindi yakishavunwa na magunia kuuzwa, miezi ya Januari na Februari huwa ya mafundi mjini Eldoret. Mvua ndefu haijaanza, na malori ya mchanga yanapishana njia za Kapsoya, Kimumu na Langas. Karo za shule zikishalipwa, kilichobaki huenda kwenye nyumba, na mara nyingi huanzia jikoni. Hapo ndipo mpango huenda kombo. Familia inanunua graniti ya kaunta, kabati za kuning'iniza na sinki la chuma lenye mabakuli mawili, halafu moshi unabaki pale pale ulipokuwa.

Kijitabu hiki kinakuomba upindue orodha hiyo. Pesa ya kwanza iende kwa hewa, ya pili kwa maji, ya tatu kwa mahali pa kuweka chakula. Urembo uchukue masalio. Si kwamba graniti ni mbaya. Ni kwamba haijawahi kumzuia mtoto kukohoa.

Chunguza nyumba yako kwanza

Kabla ya kuchora chochote, bandika karatasi nyuma ya mlango wa jikoni na uandike kwa wiki moja: nani amepika, saa ngapi, kwa moto gani, na nani mwingine alikuwa ndani. Swali la mwisho ndilo husahaulika. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na jioni za Julai baridi huwasukuma watu wote karibu na moto. Nyanya anakaa kwenye kigoda kando ya jiko. Mtoto mchanga yuko mgongoni mwa mamake anayesonga ugali. Wa darasa la tano anafanyia kazi ya shule papo hapo kwa sababu sebuleni kuna baridi. Wote wanavuta hewa ile ile anayovuta mpishi, ingawa hawajashika mwiko.

Karatasi hiyo itakuonyesha pia jikoni unayohitaji hasa. Mwalimu anayeishi na watoto wawili hapa mjini, anayepasha chakula usiku, hana haja na chumba kinachomtosha mkulima wa Moiben anayepikia vibarua wakati wa mavuno. Wanariadha wanaoishi pamoja na kupika kwa zamu wanahitaji nafasi ya sufuria kubwa na mahali pa kukaushia vyombo vingi kwa pamoja. Na kama nyumbani kwenu maziwa ya mursik hayakosekani, vibuyu vitafutiwe rafu yao iliyo kavu na yenye kivuli, mbali na moto na mbali na mafuta ya taa. Fundi hawezi kukisia haya. Mwambie.

Moshi

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wenye umri wa chini ya miaka mitano. Kwa watoto hatari kubwa ni nimonia. Kwa watu wazima ni magonjwa ya moyo, kiharusi, mapafu yanayoziba polepole na saratani ya mapafu. Huku kwetu jambo hili si la wachache: sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya zilikuwa zinapikia kuni, na takriban moja kati ya kumi ilitegemea makaa.

Moshi hudhibitiwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuupunguza kwenye chanzo. Kuni za muwati zilizopasuliwa nyembamba na kukaushwa chini ya paa kwa miezi kadhaa hutoa moshi kidogo kuliko gogo lililokatwa juzi, kwa hivyo banda la kuni ni sehemu ya mpango wa jikoni, hata kama liko nje. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Sufuria ifunikwe. Kwa miinuko kama yetu sufuria ya presha ina faida kubwa, maana maji ya hapa huchemka kwenye joto la takriban nyuzi 93 badala ya 100, na ndiyo sababu githeri ya Eldoret hukawia kuiva kuliko ya Mombasa. Presha hupandisha joto hilo, na saa nzima ya moto huokolewa.

Njia ya pili ni kuupa moshi mlango wa kutokea. Hewa ya moto hupanda. Ikikosa tundu juu, hugonga paa na kurudi usoni mwa mpishi. Jikoni inataka uwazi wa chini wa kuingizia hewa baridi na uwazi wa juu, upande wa pili, wa kutolea hewa ya moto. Dirisha moja katikati ya ukuta halifanyi kazi zote mbili, hasa kwa kuwa saa moja jioni, wakati wa kupika, kila mtu hulifunga kwa baridi. Kwa hivyo acha nafasi chini ya paa isiyofungika kabisa, na uizibe kwa wavu wa chuma ili panya na ndege wasiingie. Panya wa Uasin Gishu wanajua mahindi yako yalipo.

Ukijenga jiko la kuni la kudumu, lijenge kwa kimo cha nyonga ya mpishi, likiwa na bomba la moshi linalopita juu ya kilele cha paa kwa angalau futi mbili. Bomba likiishia chini ya kilele, upepo huusukuma moshi urudi ndani. Lisafishwe masizi mara kwa mara, na palipo na mbao za paa liachiwe nafasi lisiziguse. Kimo hicho cha nyonga kina faida nyingine: mgongo wa mpishi hupumzika, na mtoto anayejifunza kutembea haanguki motoni.

Makaa na gesi

Makaa huwadanganya watu kwa sababu hayana moshi mwingi. Yana kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala kutafuta joto, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa, wakihisi kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, msitafute malaria: tokeni nje wote kwanza, kisha mwende hospitalini. Baridi ya usiku tafutieni blanketi.

Gesi ni safi zaidi, nayo ina tabia yake. Ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Hutambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe za chini, ikingoja cheche. Ndiyo sababu kabati la mtungi lililofungwa pande zote, lile zuri la kulingana na kabati nyingine, ni kosa la ujenzi. Mtungi wa kilo 13 ukae nje ya ukuta, ndani ya kizimba chenye matundu chini, mpira wake ukipitishwa kwenye tundu lililochongwa vizuri. Ukilazimika kukaa ndani, uwe wima, mbali na moto, na mlango wa kabati lake uwe na matundu karibu na sakafu. Kila unapobadilisha mtungi paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likifura, pana uvujaji. Usijaribu kwa kiberiti. Ukisikia harufu ya gesi usiguse swichi yoyote ya stima, ya kuwasha wala ya kuzima: funga mtungi, fungua mlango, toka.

Tuseme ukweli: familia nyingi za hapa hutumia vyote. Meko ya gesi kwa chai ya asubuhi, makaa kwa githeri, kuni kwa siku ya wageni. Mafundi huchora jikoni ya gesi pekee, halafu gesi ikiisha katikati ya mwezi jiko la makaa linawekwa sakafuni, katikati ya njia, pasipo bomba wala dirisha. Afadhali umwambie mapema: "Fundi, nitengee pia pa makaa, kwenye kibaraza chenye paa na kisicho na ukuta upande mmoja."

Ukiwa mpangaji

Katika ploti nyingi za Langas, Huruma na Munyaka, jikoni ni pembe nyuma ya pazia, na ukuta si wako kuutoboa. Bado pana la kufanya. Sogeza jiko kutoka pembe ya ndani hadi karibu na mlango. Washa makaa nje hadi yawe mekundu, kwa kuwa moshi mwingi hutoka yanaposhika moto, ndipo uyaingize kwa kupika tu, mlango ukiwa wazi, na yatoke kabla ya kulala. Pazia la nailoni lililo karibu na moto liondoke leo. Kuhusu tundu la hewa juu ya ukuta, wapangaji wa ploti nzima wakienda pamoja kwa mwenye nyumba husikizwa kuliko mmoja mmoja. Ni kazi ya siku moja ya fundi na matofali machache yenye matundu.

Maji, na chai

Mfereji wa jikoni hauhakikishi maji ya kunywa, hasa pale ambapo maji huja kwa zamu na kukaa kwenye tangi. Yakichemka kwa mapovu makubwa, kwenye miinuko kama yetu yaache yaendelee kwa dakika tatu. Kisha yawekwe kwenye chombo chenye kifuniko na mfereji mdogo, ili mikono na vikombe visitumbukizwe. Chombo hicho kitengewe nafasi kwenye mchoro, pamoja na mahali pa kunawa mikono karibu na mlango. Nyama mbichi iwe na kibao chake cha kukatia na mboga ziwe na chake. Kama sinki ni moja, mboga zioshwe kwanza, kuku baadaye.

Sasa chai, ambayo vijitabu vya jikoni mara nyingi huisahau. Bonde la Ufa na magharibi mwa Kenya zina saratani nyingi ya umio, na huwapata hata vijana. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi hapa Eldoret, uliochapishwa mwaka 2019, ulihusisha unywaji wa vinywaji vya moto sana na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo. Miaka mitatu kabla yake, wakala wa utafiti wa saratani wa Umoja wa Mataifa ulikuwa umeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha saratani. Hakuna anayekuambia uache chai ya maziwa. Iache ipoe kidogo. Weka rafu ya chupa ya chai na vikombe mbali na jiko, na umimine dakika chache kabla ya kuita watu mezani. Mgeni anayesifu chai kwa kuunguza ulimi asikuharakishe. Na mtu yeyote anayeona ugali unakwama kooni, wiki baada ya wiki, aende hospitali bila kungoja.

Gunia la mahindi

Nyumba nyingi za mjini hupokea gunia kutoka shambani, na gunia huishia pembeni mwa jikoni, penye joto na mvuke. Ndipo ukungu unaotoa sumukuvu hustawi. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 waliougua. Kupika hakuiondoi. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa, uache robo saa; chumvi ikinata ukutani mwa chupa, bado hayajakauka. Stoo iwe chumba tofauti au kabati lenye hewa, gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta. Punje zenye ukungu zisipewe ng'ombe pia, maana sumu hupitia kwenye maziwa.

Siku za kubomoa

Nyumba za zamani huwa na paa au dari za asbesto. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kwenye taka hatari. Isikatwe, isipasuliwe, isitupwe korongoni. Uliza ofisi ya NEMA ya kaunti kabla fundi hajapanda. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hivyo isikwanguliwe ikiwa kavu: ilowanishwe, na watoto na mama mjamzito wahamie kwa jamaa siku hizo. Nyaya za stima zifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati; soketi zikae mbali na sinki. Mafuta ya taa na dawa za mifugo zipate kabati lenye kufuli juu ya kimo cha mtoto, kamwe zisiwekwe kwenye chupa za soda. Mtu akiungua, kidonda kimwagiliwe maji safi ya baridi kwa dakika 20; dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia havina kazi hapo.

Mkataba na fundi uandikwe, na malipo ya mwisho yangoje moto wa majaribio. Jioni, madirisha yakiwa yamefungwa kama mnavyofunga kila siku, washa kuni unazotumia na upike chakula kizima, fundi akiwa papo hapo. Simama wima, kisha keti pale nyanya huketi. Macho yakiwasha, bomba liongezwe kimo au tundu la juu lipanuliwe, halafu mwashe tena.