Kwa nini anayeapa kuacha sigara huirudia

Wavutaji wengi wa sigara mjini Nyeri wanajua madhara yake. Wengi wameapa kuiacha, lakini asubuhi ya baridi ya Julai huwakuta tena kibandani wakinunua moja. Majirani husema hawana msimamo. Je, ni kweli?

Sababu kubwa imo ubongoni. Mtu anapovuta, nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde 10 hivi na kuufanya utoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo huufunza kwamba jambo hilo ni zuri na lirudiwe. Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo hupima faida na hasara. Kwa mraibu mizani hiyo huinama: nafuu ya sasa huwa nzito, saratani ya miaka 20 ijayo huwa nyepesi.

Baada ya saa mbili hivi nikotini iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu. Mvutaji huanza kuwa na hasira na wasiwasi, naye huwasha nyingine. Hudhani imemtuliza, kumbe imeondoa shida iliyoletwa na ile ya kwanza. Hata joto analolitafuta halipo, kwani nikotini hubana mishipa ya damu na vidole huzidi kuwa baridi. Wanaotumia ugoro nao wasijidanganye: hauna moshi, lakini nikotini imo.

Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, watu waliulizwa wachague kati ya pesa kidogo sasa na nyingi baadaye. Wavutaji walipendelea za sasa kuliko wenzao. Waliokuwa wameacha hawakutofautiana na wasiowahi kuvuta.

Mvutaji afanye nini?

Amua kabla hamu haijaja. Chagua siku ya kuacha, uwaambie jamaa zako, na uondoe kiberiti nyumbani. Epuka kibanda cha sigara za moja moja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inataka ziuzwe kwa pakiti zisizopungua 10. Hamu ikikujia, ngoja dakika 10 ukinywa maji au ukitembea. Mara nyingi itapita. Muulize daktari kuhusu chingamu au plasta za nikotini.

Siku za kwanza ndizo ngumu zaidi. Baada ya wiki chache shida hupungua. Ukiteleza, usikate tamaa. Wengi walioacha walijaribu zaidi ya mara moja.