Fundi na Mwanafunzi ni Shina Moja

Ndugu msomaji, somo letu la leo latokana na neno moja ambalo kila siku limo vinywani mwetu, na wala hatulifikiri. Neno hilo ni fundi. Mlango ukikwama twauliza fundi yuko wapi; paa likivuja twamtafuta fundi; kanzu ya Idi ikichelewa twamlaumu fundi. Lakini akishamaliza kazi yake na kwenda zake, mara nyingi twamtaja kwa namna ambayo hatumtaji mtu akaaye nyuma ya meza. Twasema, "Yule ni fundi tu." Ni hiyo "tu" ninayotaka kuizungumza, kwani mimi mwenyewe niliitamka siku moja, na nimeijutia.

Khabari yenyewe ni hii. Nilipokuwa na miaka kiasi cha thelathini, ndiyo kwanza naanza kusomesha chuoni, nilikuwa na mwanafunzi mmoja yatima, mwepesi wa kuhifadhi, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake wote. Mamake alikuwa akiuza mahamri na mbaazi asubuhi, na kwa hayo akiwalea watoto wanne. Siku moja alikuja chuoni, akasimama mlangoni, akasema, "Maalim, nimekuja kukutaka ruhusa. Mwanangu nataka kumpeleka kwa fundi seremala ashike kazi mchana. Jioni atarudi kwako asome."

Nami nikamjibu kwa ukali wa ujana: "Mama, mtoto kama huyu wataka kumzika katika vumbi la mbao? Kichwa hiki ni cha elimu. Akienda huko atakuwa fundi tu."

Yule mama hakubishana nami. Alijifunga buibui lake vizuri, akasema, "Sawa, Maalim, nimesikia." Mtoto alikuwa nyuma yake, viatu mkononi, na maneno yote aliyasikia. Kuanzia kesho yake hakuja asubuhi, wala jioni hakuja. Mimi nikasema moyoni kwamba wao ndio waliopuuza elimu.

Basi tulitazame neno lenyewe, tuone kama lilistahili kutamkwa vile.

Shina la neno fundi ni lile lile la kufunda, yaani kumlea mtu kwa mafunzo mpaka akawa mtu. Katika shina hilo limetoka kufundisha, likatoka funzo na mafunzo, na likatoka pia mwanafunzi. Mtu asishangae kuiona d imekuwa z, kwani ndivyo lugha yetu ifanyavyo: kupenda hutoa mpenzi, na kulinda hutoa mlinzi. Kwa hiyo fundi na mwanafunzi ni watoto wa mama mmoja. Wazee waliotuachia lugha hii hawakuona kwamba mwenye kushika randa na mwenye kushika kitabu ni watu wa koo mbili.

Wala si sisi peke yetu. Huko Ngazija, ambako lugha yao ni ndugu ya lugha yetu, mwalimu wa dini huitwa fundi hadi leo, nao humwita hivyo kwa heshima. Laiti ningekuwa nasomesha huko, wanafunzi wangeniita fundi, nami ningeitika!

Tuchukue na neno ustadhi, ambalo twalitumia kwa mwenye elimu. Asili yake ni Kiajemi, na Waarabu walilichukua huko. Maana yake ni bingwa aliyeimiliki kazi yake. Huko Misri fundi wa mikono huitwa usta, nalo ni neno lilo hilo lililofupishwa. Na katika nchi ya Moroko, fundi mkuu wa ngozi au wa mbao huitwa kwa neno lile lile la maalim, ambalo mimi niliitwa na yule mama siku ile. Lugha tatu basi zimetoa ushahidi mmoja: jina la mwalimu na jina la fundi ni jina moja. Mimi niliyeitwa Maalim nikaudharau ufundi, nililidharau jina langu mwenyewe bila ya kujua.

Pengine msomaji atasema, "Haya ni maneno tu, tuonyeshe watu." Watu wapo, na vitabu vya tarikhi vimewaandika, tena vimewaandika kwa majina ya kazi zao.

Wa kwanza ni Abu Bakr Al-Khassaf, aliyekufa mwaka wa 261 Hijria, ambao ni mwaka wa 875 Miladia. Khassaf maana yake ni mshona viatu, na kweli alikuwa akila kwa kazi hiyo. Huyu ni mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Hanafi, na kitabu chake cha hukumu za wakfu ni katika vitabu vya mwanzo kabisa vya elimu hiyo. Miji yetu ya pwani imejaa nyumba za wakfu, mashamba ya wakfu na visima vya wakfu. Ni vyema tukumbuke kwamba katika waliotangulia kuziandika hukumu zake alikuwamo mtu aliyekuwa akishona viatu.

Wa pili ni Al-Qaffal wa Marw, aliyekufa mwaka wa 417 Hijria, sawa na 1026 Miladia. Jina lake latokana na qufl, ndilo neno letu kufuli, kwani kazi yake ilikuwa kutengeneza makufuli. Wameandika wenye tarikhi kwamba alikuwa hodari hata akatengeneza kufuli pamoja na ufunguo wake, uzani wake wote habba nne, yaani uzani wa punje nne tu. Mtu huyu alianza kutafuta elimu naye amekwisha fikia miaka thelathini. Akawa miongoni mwa maimamu wakubwa wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo madhehebu yetu sisi watu wa pwani. Basi ni nani asemaye kwamba aliyeshika kazi utotoni mlango wa elimu umekwisha kufungwa? Huyu alikuwa akitengeneza makufuli, na hakujifungia.

Wa tatu ndiye ninayempenda zaidi, naye ni Az-Zajjaj wa Baghdad, aliyekufa mwaka wa 311 Hijria, sawa na 923 Miladia. Zujaj ni kioo, na kazi yake ilikuwa kuchonga vioo. Alitamani kusoma nahau, akaenda kwa mwalimu mashuhuri Al-Mubarrad, ambaye hakuwa akisomesha bure. Al-Mubarrad akamwuliza kazi yake na chumo lake. Akamwambia kwamba ni mchonga vioo, na kwa siku hupata dirhamu moja na nusu au kiasi cha hivyo, na kwamba atampa dirhamu moja kila siku, na hataacha kumpa mpaka mauti yawatenganishe, awe bado ana haja ya kusoma au haja imekwisha. Msomaji pima mwenyewe: theluthi mbili za chumo la siku!

Basi alisoma mpaka akawa bingwa wa lugha. Baadaye mwalimu wake akamtaja kwa waziri aliyetaka mtu wa kumsomesha mwanawe, na kwa sababu hiyo akapata utajiri. Na ile dirhamu hakuikata. Aliendelea kumpelekea mwalimu wake mpaka siku ya kufa kwake, kama alivyoahidi. Hakusema, "Sasa nimehitimu." Hapo ndipo twaona kwamba aliyoyatoa katika karakana ya vioo aliingia nayo katika nahau: mkono usiochoka, na ahadi isiyovunjwa.

Nami sitaki mafundi wasome hapa wafurahi, wafunge karatasi waende zao, kwani nao wana sehemu yao katika kuliangusha jina hili. Ni mara ngapi mtu ametoa arubuni kwa kazi ya siku tatu, akaambiwa "kesho," na kesho ikazaa kesho nyingine mpaka mwezi ukaandama? Ni mara ngapi mbao mbichi imepakwa rangi ikauzwa kwa bei ya mbao kavu, na baada ya msimu mmoja wa mvua mlango ukapinda? Wahenga walisema ahadi ni deni, na hawakusema ahadi ya mfanyabiashara tu au ahadi ya mkubwa tu. Fundi asemaye "Jumanne" na huku moyoni ajua kwamba Jumanne hayuko, huyo amejivunjia heshima kabla watu hawajamvunjia.

Na ufundi wenyewe una khatari nyingine, nayo ni kufa pamoja na mwenyewe. Katika kitabu kimoja cha Kiyunani cha karne ya kwanza Miladia, kiitwacho Periplus, imetajwa bandari ya pwani hii kwa jina la Rhapta, na jina hilo latokana na neno la kushona, kwa sababu ya vyombo vya huko vilivyoshonwa. Na kwetu sisi, katika visiwa vya upande wa Lamu, ulikuwako mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Elimu ya kushona vyombo basi ilikaa katika pwani hii karne nyingi, mkono ukiupa mkono. Leo anayetaka kuutazama mtepe huenda kuutazama mfano wake katika makumbusho. Majahazi ya misumari yaliushinda, hilo ni kweli. Lakini kazi ambayo hapana kijana anayeiingia na hapana fundi anayeiandika, hufa mara mbili: hufa mikononi, kisha hufa katika ukumbusho.

Sasa turudi kwa yule mtoto.

Miaka miwili iliyopita mlango wa chuo chetu uliliwa na mchwa. Fundi wa kwanza alichukua arubuni na hatukumwona tena. Wa pili alikuja akatazama, akasema kesho. Kisha mtu mmoja akatuelekeza kwa fundi mwingine, naye akaja na vijana wake wanne. Alikuwa na ndevu, na pensili sikioni. Alipima mlango kimya kimya, akaandika katika kipande cha karatasi, akanipa, akasema, "Jumanne baada ya alasiri, inshaallah."

Niliposhika ile karatasi niliona vipimo vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ile kafu ilikuwa na mkia mrefu unaopanda juu, kama nilivyozoea kuiandika mimi, na kama nilivyowafunza wanafunzi wangu wa mwanzo. Nilimtazama tena, nikamwuliza, "Wewe si mwanawe yule mama aliyekuwa akiuza mahamri?"

Akasema, "Ndimi, Maalim."

Nikamwuliza kwa nini hakurudi kusoma jioni kama mamake alivyokusudia. Alicheka kidogo, akainama kukusanya vyombo vyake, akasema, "Nilikuwa na vumbi la mbao, Maalim. Nikaona si mahali pake."

Hakuyasema kwa kunilaumu. Lakini neno lile lilikuwa langu, na alikuwa ameliweka miaka yote ile, nami nilikuwa nimekwisha kulisahau. Nikamwomba msamaha mbele ya vijana wake. Nikamwambia nataka kwenda kumwomba mamake pia. Akaniambia kwamba mamake amekwisha kufariki.

Jumanne baada ya alasiri alikuja na mlango. Ni mlango mzuri, wala haukwami hata wakati wa mvua.

Katika wale vijana wake wanne, watatu walikuwa hawajui kusoma sawasawa. Tangu wakati huo huja chuoni siku mbili katika wiki baada ya magharibi, na fundi wao huja pamoja nao. Huja kama walivyo kutoka kazini, na wakishaondoka twaukung'uta mkeka. Yeye amekwisha kumaliza kitabu alichokuwa amekiacha katikati.

Basi, ndugu zangu, kutokana na haya yatupasa mambo matatu.

La kwanza ni juu yetu sisi tusomeshao. Tusimlazimishe mtoto kuchagua baina ya kitabu na chombo cha kazi. Saa za kusoma zipangwe hata mwenye kazi apate nafasi, na mlango usifungwe kwa aliyekuja na mikono michafu ya kazi ya halali.

La pili ni juu ya wazazi. Twaona vijana wakizunguka mwaka baada ya mwaka na vyeti vyao katika bahasha, na mzazi aona ni afadhali mwanawe azunguke kuliko aonekane ameshika msumeno. Cheti ni kitu chema, lakini kukaa bure hakuongezi heshima ya cheti. Mtoto asome, na pamoja na kusoma awe na kazi moja ambayo mkono wake waijua.

La tatu ni juu ya mafundi. Semeni siku mnayoiweza, mchukue arubuni ya kazi mtakayoifanya, na mumchukue kijana mumfunze bila ya kumficha. Kwani jina mlilonalo ni jina la mwalimu, na fundi asiyefunda hakulitimiza.

Nami nimejiwekea sharti la kutolitamka tena lile neno "tu" baada ya kazi ya mtu. Mama yule hakuishi kulisikia hili kinywani mwangu. Nimeliandika hapa ili pengine mwalimu mwingine, aliyesimamiwa mlangoni na mama mwingine, alisome kabla hajajibu.